Kope Zilizobanwa kwa Vyuma

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo nimemlazimisha Baraka atazame A Clockwork Orange.

BARAKA: Umenitesa, dada. Nimeisimamisha mara tatu. Pale kope zimebanwa kwa vyuma, asiweze hata kupepesa, na mtu pembeni anamdondoshea matone machoni!

ZUHURA: Yule wa matone alikuwa daktari wa kweli. Hata hivyo jicho la mwigizaji, Malcolm McDowell, lilichubuka.

BARAKA: Eh!

ZUHURA: Kwa ambaye hajaiona: ni ya Stanley Kubrick, 1971. Alex, kijana mbakaji na muuaji, amefungwa miaka 14 kwa kumuua mama mmoja. Anajitolea kwa tiba mpya ya kama wiki mbili ili aachiwe. Anadungwa dawa ya kichefuchefu huku anaoneshwa picha za ukatili. Mwishowe akitaka tu kumpiga mtu, tumbo linamchafuka.

BARAKA: Na serikali haina habari na roho yake. Waziri anasema waziwazi kwamba nafasi za magereza zinahitajika kwa wafungwa wa kisiasa.

ZUHURA: Anayepinga ni kasisi wa gereza. Anasema huyu hajawa mwema, kanyang'anywa tu uwezo wa kuchagua.

BARAKA: Hapo mimi na kasisi tunaachana. Ningekuwa ndugu wa yule mama aliyeuawa, hiari ya Alex ingenihusu nini? Asipopiga mtu, basi.

ZUHURA: Lakini angalia ndugu wa waliodhurika ndani ya filamu hiyohiyo. Yule mwandishi ambaye mkewe alibakwa na baadaye akafa, anampata Alex hana uwezo wa kujitetea. Anamfungia chumbani na kumpigia Beethoven, muziki ambao tiba imemfanya ashindwe kuuvumilia, mpaka kijana anajirusha dirishani. Ukatili haujapungua, Baraka. Umehama mikono.

BARAKA: Hapo umenibana. Mimi napenda zaidi Demolition Man ya 1993, usinicheke. Wafungwa wanagandishwa, na humo barafuni akili zao zinapandikizwa ujuzi wa kuwarekebisha. Sylvester Stallone anazinduka anajua kufuma!

ZUHURA: Na adui yake?

BARAKA: Yeye kapandikiziwa ujuzi wa kuua. Mtambo uleule, ila kuna mkubwa mmoja aliyemhitaji hivyo. Ni filamu ya ngumi, lakini hilo ililiona.

ZUHURA: Spiderhead ya 2022 nayo ina jambo moja zuri, mengine tuyaache. Kabla ya kila dozi ya dawa ya majaribio mfungwa lazima atamke kwamba amekubali.

BARAKA: Kukubali gani huko, wakati mlango umefungwa kwa nje?

ZUHURA: Ndiyo hoja yenyewe. Na si ya kubuni: miaka ya 1960, katika gereza la Vacaville, California, wafungwa walidungwa dawa ya kupooza misuli. Mtu hawezi kuvuta pumzi, na masikioni anaambiwa aache tabia zake.

BARAKA: Kubrick alikuwa mpole basi.

ZUHURA: Ndiyo maana nairudia Caesar Must Die ya ndugu wawili, Paolo na Vittorio Taviani, 2012. Wafungwa halisi wa Rebibbia, Roma, wanaigiza Julius Caesar, ileile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Hakuna sindano. Mmoja anarudi seli na kusema tangu aijue sanaa, seli hiyo imekuwa gereza.

BARAKA: Kwa hiyo anaumia zaidi?

ZUHURA: Zaidi. Lakini maumivu ni yake, hakudungwa na mtu. Halafu kuna hili: riwaya ya Anthony Burgess ya 1962, iliyozaa A Clockwork Orange ya Kubrick, ina sura ya 21, ambayo toleo la Marekani liliikata na Kubrick hakuitumia. Humo Alex, miaka 18, anachoshwa na fujo. Anaanza kuwaza kuwa na mke na mtoto.

BARAKA: Bila dawa?

ZUHURA: Bila dawa. Amekua tu.

BARAKA: Na yule mama aliyeuawa ndiye aliyelipia hiyo miaka ya kumsubiri akue.

ZUHURA: …Ndiyo.

BARAKA: Wiki ijayo nachagua mimi. Vichekesho.