Watu wa Ng'ambo na Watu wa Huku: Mhadhara Uliotolewa Ujiji, Kigoma

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu na wanafunzi: asalamu aleikumu, tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie historia ya watu wa mji huu na utaifa wao. Kila mtoto wa Ujiji anajua kwamba asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, unaiona milima ya Kongo kwa macho yako. Marehemu bibi yangu hakuwahi kuuita upande ule Kongo. Aliuita ng'ambo, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja mtaa wa pili: dada yake kaolewa ng'ambo, kuna msiba ng'ambo na mtumbwi unaondoka usiku. Mimi nashikilia kwamba jamii ya Ujiji ilikwishaundika hapa kabla ya mpaka wowote kuchorwa, na kwa sababu hiyo mpaka hauwezi kuwa kipimo cha kuwajua wenyeji wake.

Chukueni jina Mmanyema. Kutoka pwani ya magharibi ya ziwa hadi mto Lualaba wanaishi Wabembe, Wabwari, Wagoma, Wakusu na wengine wengi, kila watu na lugha yao. Manyema lilikuwa jina la nchi vinywani mwa watu wa misafara, si jina la kabila moja. Ni huku, Ujiji na Tabora, na baadaye Bagamoyo na Dar es Salaam, ndiko watu hao wa asili mbalimbali walikoitwa Wamanyema kwa pamoja, nao wakalipokea jina hilo na kulifanya lao. Kwa maneno mengine, Umanyema kama tunavyoujua ulizaliwa upande huu wa maji, miongoni mwa Wajiji, Waha wa nyanda za juu, Waarabu na Waswahili waliotoka pwani.

Walifikaje? Wapo waliokuja wakiwa wapagazi na wafanyabiashara, na wapo walioletwa wakiwa watumwa, na hilo tusilifiche kwa kuona haya, kwa sababu haya hiyo si yao. Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya Lualaba, David Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake, na wengine wakafa maji mtoni walipokuwa wakikimbia. Tukio hilo lilimvunja moyo, akarudi Ujiji, na hapa ndipo Stanley alipomkuta mwaka huohuo. Mnara wetu pale penye miembe unaikumbuka salamu ya Wazungu wawili. Sijaona mahali mjini humu panapowakumbuka wale wanawake wa Nyangwe, ilhali baadhi yetu tuliomo humu ukumbini huenda ni wajukuu wa ndugu zao.

Mtu aliyetenganishwa na ukoo wake alipata ukoo mwingine hapa, msikitini, ngomani na katika ndoa, na lugha iliyowaunganisha wote ilikuwa Kiswahili. TANU ilipokuja kuwahutubia watu kwa Kiswahili katika miaka ya 1950, mji huu haukuhitaji mkalimani.

Sasa tuiangalie mipaka yenyewe. Baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, mstari ulipitishwa katikati ya ziwa, ng'ambo ikawa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na huku kukawa kwa Wajerumani. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata ikashushwa majini meli ya Kijerumani ambayo leo tunaiita Liemba. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake wengi walikuwa Wakongo, yaliiteka Kigoma na kisha Tabora. Wengi husahau kwamba Wabelgiji waliitawala Kigoma hadi 1921, walipowakabidhi Waingereza na wao wakabaki na Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na watu wake wameoana tangu zamani. Laiti mazungumzo ya Ulaya yaliyoamua mgawanyo huo yangekwenda vingine, Mha wa Kasulu leo angekuwa na pasipoti ya Burundi, naye asingekuwa amehama hata hatua moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kufuatilia kitambulisho. Kijana aliyekuwa mezani aliisoma fomu yangu, akaweka kidole kwenye jina la babu, akaniuliza, "Mzee, hili jina ni la wapi?" Nikamjibu kuwa ni la Ujiji. Akaniuliza tena, "Ujiji ya wapi?" Nilirudi pale mara tatu na barua za mashahidi. Nilikuwa nimefundisha watoto wa nchi hii kwa zaidi ya miaka ishirini, na siwezi kuwaambieni kwamba halikuniuma.

Kanuni za uraia zilizoanza kutumika tarehe 9 Desemba 1961 zilimtambua kuwa raia mtu aliyezaliwa Tanganyika, ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Hazikuuliza babu alitoka wapi, wala hazikuuliza kabila. Baadaye, mwaka 1972, walikuja wakimbizi wa Burundi waliopewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na zaidi ya 160,000 kati yao wakapewa uraia kwa utaratibu wake. Katika miaka ya 1990 wakaja wa Kongo, waliopokelewa katika kambi ya Nyarugusu. Hizi ni safari tofauti, za nyakati tofauti na chini ya sheria tofauti, na dhuluma huanza pale mjukuu wa mtu aliyefika kabla ya reli anapohojiwa kana kwamba alishuka mtumbwini jana.

Nyaraka za Wajerumani na Waingereza haziyataji majina ya watu wetu wengi, lakini ninyi wazee mnayajua. Nimekuja na daftari. Mwenye jina la babu au bibi aliyefika hapa kabla ya 1914, na jina la kijiji alikotoka, namwomba asiondoke kabla hatujaliandika.