Rangi Inadanganya: Rasiberi Nyeusi na Ukoo Wake wa Miiba

Asanteni kwa kuja, karibuni sana. Kuna mabakuli mawili yanapita huko kwenu. Naomba msile kwanza, ingawa najua naomba jambo gumu. Chukua tunda moja katika kila bakuli. Yote mawili ni meusi, yote mawili yana vipunje vilivyobanana, na ukiyatazama kwa mbali utaapa ni pacha. Sasa yageuze, uangalie pale yalipoachana na kikonyo.

Moja lina shimo. Limekaa kama kastabini ya fundi cherehani, hata waweza kulivaa kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Hilo ni rasiberi nyeusi. La pili limejaa: kiini cheupe kimetoka nalo, nawe utakila pamoja na nyama yake. Hilo ni blakiberi. Ningeweza kuishia hapa tukaenda zetu, ila kuna kosa langu la zamani ambalo bado linaniwasha.

Niliwahi kununua miche kumi na miwili kwenye kitalu fulani, kila mche na kibandiko chake: rasiberi nyeusi. Nikachimba, nikamwagilia, nikangoja. Mwaka wa kwanza fito tupu. Mwaka wa pili maua, kisha matunda mekundu, kisha meusi. Nikachuma la kwanza, nikaligeuza, kiini hicho! Miaka miwili nalea blakiberi. Nilimkasirikia aliyeniuzia, lakini kusema kweli ile miche ilikuwa imejitambulisha tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikujua kuisoma.

Basi tuisome. Mimea hii yote iko katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Rubus, ndani ya familia ya waridi, pamoja na tufaha na stroberi. Rasiberi nyeusi ilipewa jina Rubus occidentalis na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, maana yake "ya magharibi", ingawa kwao hasa ni upande wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini. Ukiwa umekaa Sweden, kila kilichoko ng'ambo ya Atlantiki ni magharibi. Ina ndugu wawili wa karibu wenye tunda jeusi na shimo: Rubus leucodermis wa upande wa Pasifiki wa bara hilohilo, na Rubus coreanus wa Korea, ambako hutengenezwa mvinyo. Rasiberi nyekundu, Rubus idaeus, ni binamu. Jenasi yenyewe imetambaa kutoka mabwawa baridi karibu na Aktiki hadi milima mirefu ya Afrika.

Blakiberi ndio wakorofi wa ukoo. Mrasiberi mweusi una kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) 14, yaani seti mbili, hauna fumbo. Blakiberi wengi wana seti nne, sita au zaidi za kromosomu, na wengi wao huzaa mbegu bila kurutubishwa, kwa hiyo mtoto hutoka nakala kamili ya mama. Kila tofauti ndogo inayojitokeza huendelea hivyohivyo kizazi hadi kizazi, mpaka Uingereza peke yake imefikisha aina zaidi ya 300 zilizopewa majina. Wapo wataalamu ambao maisha yao yote ni kuzitenganisha hizo. Nawaheshimu. Sitaki kazi yao.

Turudi kwenye tunda, maana hapo ndipo penye utamu kwa kila hali. Ua lina kilima kidogo katikati, na juu ya kilima hicho pistili nyingi, yaani sehemu za kike za ua. Kila pistili iliyochavushwa huwa kitunda kimoja chenye kokwa yake, kama embe dogo mno. Ukila rasiberi moja umekula maembe ya namna hiyo kwa makumi. Vitunda vya rasiberi hushikamana kwa vinyweleo vilivyosokotana. Ndiyo maana nyuki wakikosekana na pistili nyingi zisichavushwe, tunda hupukutika mkononi kama mkate mkavu. Na kile kilima? Kwa rasiberi hubaki kwenye mmea, ukiona kibonge cheupe kimesimama kwenye kikonyo ujue ndicho. Kwa blakiberi hukatika pamoja na tunda.

Sasa niwaeleze kwa nini sitaki mtu aniulize rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, jaji mmoja wa Santa Cruz, California, James Harvey Logan, alikuwa akijaribu kuboresha blakiberi bustanini kwake. Jirani na blakiberi zake kulikuwa na rasiberi nyekundu, na nyuki hawajui mipaka ya jaribio. Katika miche iliyoota akapata mmoja wenye tunda refu, jekundu, chachu, likaitwa loganberi. Ni jekundu kama rasiberi, lakini ukilichuma kiini kinakuja nalo. Upande wa pili, rasiberi nyeusi yenyewe ina aina zinazozaa matunda ya njano. Halafu kuna rasiberi za zambarau, mtoto wa nyeusi na nyekundu. Msisahau pia kwamba blakiberi na rasiberi nyeusi zote mbili hupita kwenye wekundu kabla ya kuiva. Mtu mwenye haraka huchuma wakati huo na kwenda kulalamika kwamba ni chungu.

Majina nayo yasikutie moyo sana. Mwaka 1885 Luther Burbank, mzalishaji maarufu wa mimea wa California, alileta blakiberi kubwa yenye nguvu akaiita ya Himalaya. Asili yake si Himalaya. Ni pande za Armenia na kaskazini mwa Iran, na leo inaitwa Rubus armeniacus. Imejaza kingo za mito na barabara kaskazini-magharibi mwa Marekani, na kuing'oa ni vita.

Kwa hiyo mche usio na tunda utausomaje? Shika ufito. Wa rasiberi nyeusi ni mviringo, umepakwa unga mweupe wa nta, kama zabibu. Usugue kwa dole gumba: unga unatoka, chini unaonekana uzambarau. Fito za blakiberi mara nyingi zina pembe na mifereji, na hazina unga huo. Geuza jani: la rasiberi nyeusi ni jeupe chini. Miiba yake imepinda, tofauti na vinywele vikali vilivyonyooka vya rasiberi nyekundu. Miche yangu kumi na miwili ilikuwa na fito za pembepembe, kijani kibichi. Ningeisugua siku ile ningeirudisha.

Na mwisho wa ufito ndio unaonipendeza kuliko vyote. Rasiberi nyekundu hutembea kwa mizizi, huchipua hapa na pale mpaka kwenye njia. Nyeusi haifanyi hivyo. Fito zake huota pale pale kwenye kisiki. Lakini mwishoni mwa kiangazi ufito mrefu hupinda kama upinde, ncha yake inakuwa nyembamba, majani yanadumaa, inafanana na mkia wa panya. Ikigusa udongo, inatoa mizizi. Majira ya kuchipua yanapofika pale pana mmea mpya, na ufito umekuwa daraja lenye miguu miwili. Mkulima husaidia tu: anafukia ile ncha sentimita chache, mwaka unaofuata anakata daraja na kuhamisha mche. Wakati pekee wa kufanya hivyo ni pale ncha inapokuwa mkia wa panya. Ukiwahi sana, itageuka na kuendelea kukua kwenda juu.

Kupogoa kunafuata tabia hiyohiyo. Kisiki huishi miaka, lakini kila ufito huishi miwili tu: mwaka wa kwanza unakua, wa pili unazaa na kufa. Fito zilizokwisha kuzaa zikate mpaka chini. Fito changa za nyeusi zikifika kama sentimita 60 hadi 75, nyofoa ncha kwa vidole, ndipo zitoe matawi ya pembeni; matunda ya mwaka ujao yatakaa kwenye matawi hayo. Ukimfanyia hivyo binamu mwekundu umejinyima, maana yeye huzaa kwenye sehemu ya juu ya ufito. Nimeona watu wenye mashamba mazuri wakipita na mkasi mmoja kwa wote wawili.

Nitagusia kidogo kuhusu afya, maana najua swali linakuja. Weusi ule ni anthosianini, rangi za asili za mimea, na rasiberi nyeusi inazo nyingi kweli. Unga wake umejaribiwa kwa panya na kwa vikundi vidogo vya wagonjwa. Anayekuuzia vidonge vyake kama tiba ya saratani anakuuzia matumaini. Kula tunda kwa sababu ni tamu.

Magonjwa ndiyo udhaifu wake mkubwa. Usiipande palipokuwa na nyanya, viazi au biringanya miaka ya karibuni, kwa sababu ya kuvu wa mnyauko anayebaki udongoni. Iweke mbali na rasiberi nyekundu, ambazo hubeba virusi bila kuonyesha dalili sana, kisha vidukari wakavihamishia kwa nyeusi, nayo ikadhoofika haraka.

Kisha kuna kutu ya machungwa, ugonjwa unaoletwa na kuvu mwingine. Mwaka mmoja nilikuwa na kichaka kilichozaa kupita vyote. Majira ya kuchipua kikatoa fito nyembamba, dhaifu, majani ya kinjano. Nikageuza jani: chini kote rangi ya machungwa, ikanishika vidoleni kama chaki. Nikanyofoa majani mabaya, nikakiacha, kwa kupenda matunda yake. Kuvu yule haishi kwenye majani tu, amekwishaingia mpaka kwenye mizizi, na hakuna dawa ya kumtoa. Mwaka uliofuata vilikuwa vichaka vitatu. Cha ajabu, rasiberi nyekundu zilizokuwa mstari wa pili hazikuguswa hata jani, kwa sababu kutu hii hushambulia rasiberi nyeusi na blakiberi, na nyekundu inaziacha. Nimewafundisha leo kuupanga ukoo kwa shimo na kiini. Kuvu yule anaupanga kwa njia yake.

Nilivichimba vyote vitatu na mizizi yake, nikavifunga kwenye mfuko pale pale, ule unga usimwagike njiani. Haya, mabakuli yamefika nyuma? Sasa kuleni.