Alama Mbili kwa Kumi: Nani Anasikika Katika Semina Zetu?

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanangu wanafunzi, habari za jioni. Wakubwa zangu mliokaa mbele, shikamooni.

Barua ya mwaliko inanitaka nizungumzie utofauti, ujumuishi na mjadala huru katika jumuiya ya chuo kikuu. Nimeandaa mambo matatu. Wanaonifahamu wanajua nitaanza na lugha, nami naanza nayo, kwa sababu kila nikiliweka jambo hili mwishoni muda huisha kabla sijalifikia, na nimechoka kuliona likiishia hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia semina ya Masomo ya Maendeleo, Alhamisi saa nane mchana, chumba cha watu 25 wakiwa wamebanana wanafunzi 40. Mada ya siku ile ilikuwa migogoro ya ardhi baina ya wakulima na wafugaji. Nikauliza swali langu kwa Kiingereza, kama utaratibu unavyotaka. Kimya. Mikono iliyoinuka ni ileile minne ya kila wiki, ya watoto waliosoma Kiingereza tangu chekechea. Karibu na dirisha alikaa kijana mmoja ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kusikia sauti yake. Nikamwita kwa jina. Akasimama, akaanza sentensi, ikamkatikia njiani, akaiokota, ikamkatikia tena. Wawili watatu wakacheka chinichini. Akaniomba radhi akakaa. Nami nikafungua daftari langu, kwenye safu ya ushiriki nikamwandikia mbili kwa kumi.

Semina ikaisha, nikatoka. Nje kuna mwembe na viti vya saruji, nyote mna sehemu ya namna hiyo. Nikamkuta yule kijana amesimama, mkono mmoja hewani, anabishana na mwenzake. Sasa sikilizeni nani anabishana na nani. Yeye kwao ni Kilosa, mkoani Morogoro, wazazi wake wanalima mahindi na ufuta. Mwenzake ni Mmasai wa wilaya hiyohiyo, nyumbani wana ng'ombe. Msiokumbuka niwakumbushe: Kilosa, Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Hawa vijana wawili wakati huo walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Wamekulia pande mbili za msiba mmoja, na leo wamekutana chuoni, chini ya mwembe, wanaongea.

Na waliongea! Mmoja anasema ng'ombe waliingia shambani ufuta ukiwa umebakiza wiki mbili kuvunwa. Mwenzake anamuuliza: hilo shamba lililimwa wapi? Si pale palipokuwa njia ya mifugo kwenda mtoni? Mkulima anajibu kwamba hiyo njia haimo kwenye ramani ya kijiji. Mfugaji anamwambia haimo kwa sababu siku kamati ya ardhi ilipokaa kupanga matumizi, hakuna aliyepanda bomani kutuita. Wakaingia kwenye fidia: nani anakagua shamba lililoliwa, nani anakadiria magunia, na hela inapotoka inakwenda kwa nani kwanza. Wakafika mahali wote wawili wakanyamaza, kisha yule wa wakulima akasema, "Kumbe na ninyi hamkuitwa." Nilisimama pale na vitabu vyangu mkononi, labda dakika 20. Nilichokisikia sikuwa nimekisoma kwenye andiko lolote katika orodha ya vitabu niliyowapa.

Huyo ndiye niliyempa mbili kwa kumi.

Ndugu zangu, tunaandika sera za ujumuishi kurasa 60. Tunaajiri washauri waelekezi. Tunahesabu tuna wanafunzi kutoka mikoa mingapi, makabila mangapi, wanawake wangapi. Lakini tofauti hizo tukishazikusanya kwa taabu yote hiyo tunazifungia ndani ya chumba ambamo wengi hawawezi kusema zaidi ya sentensi mbili, na mazungumzo ambayo chuo kimejengwa kwa ajili yake yanafanyika nje, bila mwalimu, bila kumbukumbu, kwa bahati. Kama ningekuwa na haraka ya daladala siku ile, nisingeyasikia.

Najua kuna anayesema moyoni: mama huyu anataka kuwanyima vijana Kiingereza. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na mara nyingi nimejibu. Sitaki kumnyima mtu Kiingereza. Nataka wakijue. Lakini anayejua Kiingereza ni yule aliyefundishwa Kiingereza, kama somo, na mwalimu wa Kiingereza, kwa vitabu vya Kiingereza. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza akageuziwa baiolojia, jiografia na historia kwa lugha asiyoielewa, akakariri ili afaulu, huyo hakujifunza Kiingereza wala baiolojia. Amejifunza kunyamaza, na anafika kwetu akiwa bingwa wa kunyamaza.

Na si habari mpya. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwaka 1991. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 walikuja wataalamu kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakawapima wanafunzi wetu ngazi zote. Kwa wale wa chuo kikuu waliopimwa, hata moja ya tano haikufika kiwango cha kusoma kwa urahisi vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Hao ni wanafunzi wa 1984, chuo kikiwa na wachache waliochujwa na kuchujwa tena! Sasa tuna vyuo vingi na maelfu kwa maelfu waliotoka shule za kata. Sera ya elimu ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili, tukashangilia, toleo la 2023 likabakiza Kiingereza sekondari na vyuoni. Hayo ni ya wizara. Mimi leo nazungumza na waliomo humu, kuhusu chumba cha semina ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwetu.

Mwingine anasema, mbona kizazi cha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cha miaka ya 60 kilijadiliana kwa Kiingereza na kikatikisa bara zima? Ni kweli. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, alikuwa mwanafunzi pale, John Garang, aliyekuja kuongoza vita vya ukombozi vya Sudan Kusini, alipita pale, Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha pale, na mijadala yao ilikuwa moto. Lakini hebu tuhesabu. Chuo kile kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Miaka yote ile waliofika chuoni walikuwa wachache mno, wamelelewa katika shule za bweni chache ambako Kiingereza kilifundishwa sawasawa. Tukimchukua yule kama kipimo cha huyu wa leo, tunamwonea wa leo.

Turudi kwenye semina yangu. Wiki iliyofuata niliwaambia: saa ya kwanza tutasoma andiko na kulichambua kwa Kiingereza, saa ya pili mtajadiliana kwa Kiswahili. Mikono ikawa mingi mpaka nikaanza kuandika majina ubaoni kwa zamu. Wanawake waliokaa nyuma muhula mzima wakasogea mbele. Baada ya wiki tatu nikaitwa ofisini. Nikaulizwa kama nimesoma kanuni za chuo kuhusu lugha ya kufundishia. Nikasema nimezisoma. Nikaambiwa nizifuate. Nikauliza, kanuni hizo zinasema nini kuhusu mwanafunzi asiyesema? Sikujibiwa, na mpaka leo sijajibiwa.

Lakini nisiwafiche, Kiswahili nacho kilinifunza jambo. Wiki ya pili ya majaribio yangu niligundua kuna binti mmoja, zamani msemaji mzuri, sasa kanyamaza. Alikulia ughaibuni na wazazi wake, Kiswahili chake ni cha kuombea chai. Na kijana kutoka Bujumbura, Kiswahili anacho, ila kila akisema neno lake la kwao wenzake wanacheka na kumsahihisha. Yaani nilikuwa nimewafungulia 30 na kuwafungia wawili. Anayedhani wawili ni wachache anafikiri vilevile kama waliodhani wale 30 watajijua wenyewe. Tukakaa, tukatafuta njia. Kila kikao mwanafunzi mmoja alipewa kazi ya kufupisha: kila baada ya wasemaji watatu anasimama na kueleza kwa lugha ya pili yaliyosemwa. Kazi hiyo ilizunguka na ilikuwa na alama. Mjadala ulikwenda polepole zaidi, ndiyo. Lakini mtu aliyelazimika kuifupisha kwa haki hoja ya mpinzani wake, mbele ya mpinzani huyo, hawezi tena kuipotosha. Yule Mmasai alifupisha hoja za wakulima, na mwenye hoja akasema: hivyo hivyo ndivyo nilivyosema. Na kucheka lafudhi ya mtu nilikupiga marufuku, wala sikuomba radhi.

Istilahi? Mwenyekiti, wananiambia Kiswahili hakina istilahi. Wale vijana chini ya mwembe walikuwa na fidia, mpaka, mapito, kamati, matumizi bora ya ardhi, lambo, josho. Ni istilahi ipi iliyokosekana? Mahakama zetu tangu mwaka 2021 sheria inazitaka zitumie Kiswahili. Hakimu anaamua haki ya mtu kwa Kiswahili, sisi tunashindwa semina? Tuendelee.

La pili, naona katibu ananionyesha saa, nitalisema kwa haraka ingawa si dogo. Mjadala huru hauna maana ya kusema lolote bila uso. Mlimani palikuwa na desturi ya Punch, makaratasi yaliyobandikwa ukutani bila jina la mwandishi, wenyewe wakiyaita ya Mzee Punch. Yalikuwa ya kukosoa wakubwa, wanasema. Lakini yaligeuka silaha dhidi ya wanafunzi wa kike: nani ametembea na nani, nani amemkataa nani. Mwaka 1990 msichana mmoja alijiua baada ya kudhalilishwa. Wanawake waandishi wa habari nchini walilipigia kelele jambo lile, na Punch ikapigwa marufuku. Leo ukuta uko mkononi, kwenye simu, makundi ya WhatsApp ya kila darasa, na Mzee Punch anaandika usiku na mchana. Wanangu, ukitaka kumkosoa mwalimu, mkosoe, mimi nikiwa wa kwanza. Simama, sema, tujibizane. Lakini karatasi isiyo na jina juu ya mwili wa msichana si hoja, na chuo kinachoiita uhuru wa kusema kimemwacha yeye peke yake. Viongozi wa darasa mliomo humu, makundi hayo ninyi ndio wasimamizi. Mnaona ujumbe wa namna hiyo saa tano za usiku. Uondoeni saa tano hiyohiyo, msingoje asubuhi.

La tatu lilikuwa wanafunzi wenye ulemavu, na nasikitika sitalimaliza. Niseme moja tu: ukumbi huu tuliomo uko ghorofa ya pili na lifti haifanyi kazi. Nimepanda ngazi na ninyi mmepanda. Kuna waliotaka kuja leo wako chini. Na mkalimani wa lugha ya alama sikumwona. Nauliza waandaaji, kikao kijacho kitakuwa ukumbi gani? Naomba nijibiwe leo, kabla hatujatawanyika.

Sasa ni wakati wa maswali. Tangu nianze kuongea namwona dada mmoja kule nyuma, mwenye kitenge cha bluu, anainua mkono na kuushusha. Mpelekeeni kipaza sauti, tafadhali. Karibu, mwanangu. Anza na lugha yoyote, tutakutafsiria.