Mlima wa Milioni 11

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni habari za mnada, na leo Baraka hana pa kujificha, maana yeye kakulia mnadani.

BARAKA: Kweli dada. Marehemu babu alikuwa anapeleka ng'ombe mnada wa Pugu, mimi nikishikishwa fimbo. Kwa hiyo mnada naujua. Ila juzi uliponitumia picha ya mlima wa bluu, ukaandika "huu umeuzwa milioni 11", nikajua kuna sifuri imeteleza.

ZUHURA: Haikuteleza. Dola za Kanada milioni 11 na laki mbili na ushee. Toronto, tarehe 23 Novemba 2016, kwenye mnada wa Heffel. Mchoro unaitwa "Mountain Forms", aliuchora Lawren Harris mwaka 1926.

BARAKA: Kwa madafu?

ZUHURA: Kwa viwango vya wakati ule, kama bilioni 18 za Kitanzania.

BARAKA: Mlima wenyewe ungekuwa Kilimanjaro ningeelewa.

ZUHURA: Ni Mlima Ishbel, uko hifadhi ya Banff, upande wa magharibi wa Kanada. Na turubai lenyewe ni kubwa, upana wake karibu mita 1.8. Theluji, miamba iliyochongoka, mwanga unashuka kutoka juu. Hakuna mtu, hakuna mnyama.

BARAKA: Sasa nifundishe. Heffel ni nani?

ZUHURA: Ni familia. Baba alifungua duka la sanaa Vancouver mwaka 1978, wanawe wawili, David na Robert, wakaligeuza nyumba ya mnada miaka ya tisini. Minada mikubwa wanafanya misimu miwili: wa masika na wa vuli, vuli ya kwao ya Novemba. Kabla ya mnada, picha zinazungushwa mji hadi mji, watu wanazitazama kwa karibu. Mwenye pesa haji siku ya mnada kuangalia mali, anakuja akiwa ameshaamua.

BARAKA: Hapo ni Pugu kabisa. Babu alikuwa anafika jana yake, anamzunguka ng'ombe, anamshika mkia, anamwangalia meno. Siku yenyewe anakaa kimya kama hamjui.

ZUHURA: Ndiyo hivyo. Na wengine hawaonekani kabisa, wanapandisha dau kwa simu. Mtu wa nyumba ya mnada anasimama pembeni na simu sikioni, mteja anaweza kuwa yuko London au yuko kitandani kwake. Sasa sikiliza hesabu. Kwenye kitabu cha mnada waliuandikia mchoro huu makadirio ya milioni 3 hadi 5.

BARAKA: Ukauzwa 11? Basi waliokadiria hawajui kazi.

ZUHURA: Au wanaijua sana. Ukiandika milioni 9 kwenye kitabu, watu wanasoma, wanafunga. Ukiandika 3, watu sita wanajiona wanaweza. Wakishaingia, wakishanyanyua mkono mara mbili tatu, kutoka ni aibu.

BARAKA: Ee, ndama wa kufungulia mnada! Anatajwa bei ya chini makusudi, watu wasogee. Na mwenye mali je? Wasiponyanyua mikono?

ZUHURA: Kuna bei ya siri, wamekubaliana na nyumba ya mnada. Dau lisipofika hapo, picha inarudi kwa mwenyewe. Kawaida bei hiyo haizidi makadirio ya chini. Lakini usiku ule haikuwa na kazi. Nyundo iligonga kwenye milioni 9.5.

BARAKA: Umesema 11.

ZUHURA: Ndiyo mahali watu wengi wanapotea wakisoma magazeti. Nyundo ni 9.5. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, mwaka ule ilikuwa asilimia 18. Piga.

BARAKA: Ngoja... milioni moja na laki saba na elfu kumi. Jumla 11.21. Kwa hiyo dalali analipwa na anayenunua?

ZUHURA: Na anayeuza naye hukatwa kamisheni, ingawa mwenye mali kubwa anajadiliana.

BARAKA: Pande zote mbili! Babu alikosea fani.

ZUHURA: Kwa hiyo ukiona rekodi, uliza kwanza: hii ni bei ya nyundo au ni bei yenye ada? Rekodi ya zamani ya mchoro wa Kanada kwenye mnada ilikuwa ya Paul Kane, mwaka 2002, milioni 5.06 pamoja na ada. Ilikaa miaka 14 haijaguswa. Usiku mmoja ikapitwa mara mbili na zaidi.

BARAKA: Ndiyo swali langu. Mlima ulikuwa umesimama pale tangu 1926. Rangi haijaongezwa. Kwa nini 2016?

ZUHURA: Kuna mchekeshaji wa Hollywood, Steve Martin.

BARAKA: Yule mwenye mvi?

ZUHURA: Huyo huyo. Ni mkusanyaji wa picha, anampenda Harris. Mwaka 2015 alishiriki kuandaa maonyesho ya Harris Los Angeles, yakaenda Boston, mwaka 2016 yakafika Toronto. Kanada Harris ni wa kwenye kalenda na stempu, kila mtoto wa shule kamwona. Marekani walikuwa hawamjui. Ghafla mtu maarufu anasimama anasema, jamani, tazameni jirani yenu.

BARAKA: Kwa hiyo mlima ni uleule, ila jirani kachungulia uani.

ZUHURA: Hiyo ni sehemu. Sehemu nyingine, mimi naona ndiyo kubwa, ni uhaba. Milima mikubwa ya Harris, ile ya turubai kubwa, mingi iko makumbusho na haitoki. Huu ulikuwa wa kampuni ya mafuta, Imperial Oil, wakaamua kuuza. Mwenye pesa akajiambia: nikiukosa huu, mwingine utakuja lini? Wanahitajika watu wawili tu wenye wazo hilo usiku mmoja. Mmoja angekuwa na mafua akalala nyumbani, labda tungekuwa tunazungumzia milioni 5.

BARAKA: Hapo umenigusa. Bei si ya mlima, ni ya yule wa pili aliyekataa kushusha mkono.

ZUHURA: Na ajabu ni kwamba Harris mwenyewe hakuwa na haja ya kuuza. Unajua fedha ya kwao ilitoka wapi? Utacheka. Trekta. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha zana za kilimo Brantford, Ontario. Mwaka 1891 wakaungana na akina Massey, ikawa Massey-Harris. Baadaye, 1953, wakaungana na Ferguson...

BARAKA: Usiniambie. Massey Ferguson? Ile nyekundu?

ZUHURA: Ile nyekundu.

BARAKA: Aisee! Iliyolima shamba la shule yetu! Sisi tulikuwa tunasema "Masey" tu, tukadhani ni jina la dereva.

ZUHURA: Basi kabla haijafika kwenu, pesa ya majembe na mashine za kuvunia ilimlipia kijana mmoja rangi na brashi. Si yeye peke yake. Mwaka 1914 alijenga, pamoja na daktari mmoja rafiki yake, jengo la wachoraji pale Toronto, wenzake wapate pa kufanyia kazi. Wenzake hao ndio mwaka 1920 wakawa Kundi la Saba, wale waliosema Kanada ichorwe kama ilivyo, misonobari na baridi yake, si kama bustani ya Uingereza. Na Harris alifika mahali akaacha kutia saini picha zake, wala tarehe. Alitaka mtu aitazame picha, asitazame jina.

BARAKA: Halafu sasa kinachonunuliwa ni jina.

ZUHURA: Sikusema mimi. Msimu uliofuata, Mei 2017, Heffel hao hao wakauza "Vent du nord" ya Jean Paul Riopelle, mtu wa Montreal aliyeishi Paris. Milioni 7.4. Huyo hachori mlima, ni rangi nzito imepakwa kwa kisu, kama ukuta wa vigae vilivyovunjika. Kwa hiyo joto lile halikuwa la Harris peke yake.

BARAKA: Na kwenye mnada wowote hakukosi kesi. Kesi iko wapi?

ZUHURA: Ipo, na ni ya msimu huohuo wa Novemba 2016. Iliuzwa picha ya Mfaransa, Gustave Caillebotte, maua ya bluu bustanini. Dola 678,500 pamoja na ada. Mnunuzi ni duka la sanaa la London. Analipa, anataka kubeba mzigo wake, serikali inamwambia subiri.

BARAKA: Kwani ni yao? Si ya Mfaransa?

ZUHURA: Ndilo lililopelekwa mahakamani! Kanada ina sheria, inatumika tangu 1977: kitu cha zaidi ya miaka 50, aliyekitengeneza kafariki, na hakikuingia nchini juzijuzi tu, hakitoki bila kibali. Mtaalamu akisema kina umuhimu kwa taifa, kinazuiwa miezi kadhaa ili makumbusho ya ndani yapate nafasi ya kukinunua. Heffel wakaenda mahakamani, wakashinda mwaka 2018. Jaji akasema umuhimu kwa taifa maana yake kiwe na uhusiano wa moja kwa moja na Kanada.

BARAKA: Mimi naona jaji yuko sawa.

ZUHURA: Makumbusho yalishika kichwa. Maana misamaha ya kodi kwa watu wanaowapa picha ilitegemea kipimo hicho hicho. Kama Mfaransa hana umuhimu, hakuna msamaha, na bila msamaha nani atatoa? Rufaa ikasikilizwa, Aprili 2019 serikali ikashinda. Maua yale leo yako Toronto, kwenye Art Gallery of Ontario.

BARAKA: Bado naona jaji wa kwanza yuko sawa. Ila swali langu mimi ni la mfuko. Kwenye hizi milioni zote, mchoraji anapata ngapi?

ZUHURA: Sifuri. Harris alifariki 1970. Lakini hata angekuwa hai. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiinuiti, wenyeji wa kaskazini ya Kanada, Kenojuak Ashevak. Mwaka 1960 alichora bundi, "The Enchanted Owl", zikachapwa nakala chache, moja ikauzwa dola 24. Baadaye nakala ikauzwa tena zaidi ya dola 58,000. Wakati huo yeye alikuwa hai, anaishi kule kaskazini kwenye barafu, hakupata hata senti ya mauzo yale. Alifariki 2013.

BARAKA: Hiyo inauma.

ZUHURA: Wasanii wa Kanada wamedai haki hiyo miaka mingi. Na hapa jirani, Kenya waliiweka kwenye sheria ya hakimiliki mwaka 2019: picha ikiuzwa tena kibiashara, mchoraji ana asilimia 5 yake.

BARAKA: Wakenya wamewahi. Basi nipe la kunifurahisha, nimeshaanza kununa.

ZUHURA: Mwaka 2022, New Hamburg, mji mdogo wa Ontario, iliuzwa picha ya Maud Lewis, lori jeusi barabarani. Miaka ya sabini mwenye mgahawa mmoja aliipata kwa kubadilishana na mlo. Mchoraji mwingine, rafiki wa huyo mwenye mgahawa, alikuwa anakuja kula mkate wa jibini, analipa kwa picha. Makadirio yalikuwa 35,000. Ikaenda 350,000.

BARAKA: Kwa mkate wa jibini!

ZUHURA: Na huyo Maud, usimweke fungu moja na Harris. Huyu alikuwa maskini, Nova Scotia, nyumba ya chumba kimoja kando ya barabara, mikono imekunjwa na baridi yabisi. Anachora kwenye vipande vya mbao laini, kwa rangi za kupakia mashua, anawauzia wapita njia kwa dola chache.

BARAKA: Subiri. Mbao laini, rangi isiyo ya wachoraji, kando ya barabara... huyo si Tingatinga?

ZUHURA: Nilikuwa nangoja uitaje. Edward Saidi Tingatinga, rangi ya baiskeli kwenye hadibodi, picha zikiuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Maud alifariki 1970, Tingatinga 1972. Hawakuwahi kusikiana.

BARAKA: Dada, mama ana moja jikoni. Si ya mzee mwenyewe, ni ya mmoja wa waliojifunza kwake, baba aliinunua zamani. Chui na ndege wawili. Imeiva moshi wa mkaa.

ZUHURA: Mwambie asiiguse mpaka nije. Asiifute hata kwa kitambaa.

BARAKA: Ameshaiosha.

ZUHURA: Na nini?

BARAKA: Sabuni ya vyombo. Na steelwaya kidogo, pale kwenye pembe.