Winchi Baadaye, Oili Kwanza

Wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kunialika kuzungumza juu ya kutunza fowili kuukuu, yaani magari yanayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, na asanteni kwa kuitoa Jumamosi yenu, siku ambayo najua wengi mngekuwa gereji.

Huko nje nimeona magari yenye umri wa kuheshimiwa: Land Cruiser, Land Rover, na Suzuki moja ndogo ambayo mwenyewe anajua itawapita wengi wenu kwenye tope kwa sababu ni nyepesi. Kabla sijaingia nimefanya ukorofi kidogo. Nimechungulia chini ya magari kadhaa. Sitasema ni ya nani, ila lipo moja lenye winchi mpya kabisa mbele, ile mashine ya kulivuta gari kwa waya, na nyuma difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, inadondosha oili ardhini.

Nililokuja kusema leo ni hilo. Fowili kuukuu mara nyingi haimwachi mwenyewe porini kwa kukosa vifaa. Inamwacha kwa ajili ya sili inayozuia oili kuvuja, kipande cha mpira, kifuniko cha rejeta, vitu ambavyo havionekani kwenye picha. Kwa hiyo mkiniuliza pesa ianzie wapi, nitawaambia ianzie chini ya gari, na winchi isubiri.

Tuanze na barabara ya Magadi, mtihani ulio karibu na kila mmoja hapa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Unapita Kiserian, unafika Kona Baridi, halafu unateremka bondeni mpaka Ziwa Magadi, karibu mita 600. Kushuka si kazi, kazi ni kurudi. Jua la alasiri linachoma, gari limebeba watu watano, maji na mahema, unapanda kwa gia ya pili, mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa mbele hausaidii, feni imebaki kufanya kazi peke yake. Ugonjwa wowote uliofichika kwenye rejeta utajitokeza hapo.

Sasa sikilizeni. Maji ya sufuria hapa Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni presha, na presha inashikwa na kile kifuniko. Springi yake ikilegea au mpira wake ukikauka, maji yako yatachemka kwenye joto ambalo gari la jirani linalivumilia bila taabu. Mtu anabadilisha pampu ya maji, anabadilisha rejeta nzima, anafungua hedi, kumbe mgonjwa ni kifuniko. Kikague kwanza. Na usikifungue injini ikiwa moto, hata kama nyuma kuna shemeji anayekuharakisha.

Kuna tabia ya mafundi wetu ya kung'oa thamostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya injini kulingana na joto. Gari likipata joto tu, fundi anaitoa, anaitupa, anakwambia "hii si ya nchi za joto". Nimebishana sana juu ya jambo hili na sijachoka. Bila thamostati, injini ya dizeli inakaa baridi kuliko inavyotakiwa, inakula mafuta na inalika ndani. Na kwenye baadhi ya injini, thamostati ikifunguka ndiyo inayoziba ile njia ya mkato ambayo maji hupita bila kufika kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi. Kwa hiyo umetoa kitu ili gari lipoe, na pale mlimani linazidi kupata joto. Weka mpya, na badala ya maji ya mfereji weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta.

Twende kwenye difu. Hapa nitakawia, kwa sababu fowili nyingi huharibiwa mtoni na mwenyewe hajui.

Juu ya ekseli kuna tundu dogo la kupumulia. Kwenye magari mengine lina kifuniko cha chuma kinachochezacheza, kwenye mengine limeungwa kwa mpira mwembamba unaopanda hadi juu. Umeendesha saa mbili, difu imepata moto, hewa ya ndani imetanuka na nyingine imetoka. Unafika mtoni na kuingia moja kwa moja. Maji baridi yanagusa chuma, hewa ya ndani inasinyaa ghafla, na difu inavuta. Kama tundu limezibwa na tope, au liko chini ya maji, difu itavuta maji, ama kupitia hapo ama kwenye sili za ekseli. Siku hiyo hutasikia chochote. Utarudi nyumbani unasimulia ushujaa. Wiki kadhaa baadaye unafungua nati ya chini, na kinachotoka kina rangi ya chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo haiwezi tena kulinda meno ya gia wala beringi.

Dawa yake ni mpira mrefu wa kutosha kutoka ekseli ya mbele na ya nyuma, gia boksi na transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, yote ipandishwe juu, karibu na usawa wa boneti. Kazi ya asubuhi moja. Na ukifika mtoni, simama kwanza ukingoni. Shuka, vua viatu, ingia na fimbo upime kina na uone chini kuna mawe au shimo. Wakati unapima, difu inapoa. Umepata faida mbili kwa kuloa mara moja.

Injini ikimeza maji ni msiba mwingine. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo pistoni ikipanda na kuyakuta, kinachopinda ni konrodi, mkono unaoishika pistoni. Gari likizima ndani ya maji, usipige stata. Lisukumwe au livutwe litoke, kisha fungua chujio la hewa. Likiwa limelowa, toa nozeli au plagi kabla ya kuzungusha injini.

Mama aliyekaa hapa mbele ananiuliza kwa nini gari lake, Land Cruiser ya zamani, lilikwama Isinya ilhali alikuwa ameweka fowili. Swali zuri, mama. Je, habu za mbele ulizifunga? Ahaa. Basi hukuwa na fowili. Magari mengi ya enzi hiyo yana habu zinazozungushwa kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Ukivuta wenzo ndani ya gari bila kushuka kufunga habu, propela ya mbele, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu kwenye ekseli, inazunguka bure, magurudumu hayapokei kitu. Na udongo mweusi wa Isinya na Kitengela hauna msamaha: ukilowa unavimba, unajaza meno ya tairi hadi linakuwa laini kama limelika. Funga habu kabla ya tope, ukiwa bado una pa kukanyaga.

Kinyume chake pia kipo. Wale wanaoweka fowili na kuendelea nayo kwenye lami kavu kwa kuwa mvua imenyesha jana. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kama mfumo wako hauna difu ya katikati, shafti za mbele na nyuma zimefungwa pamoja, basi tofauti hiyo haina pa kwenda, inabaki inanyonga vyuma. Ndipo wenzo unakataa kutoka. Usiupige teke. Rudi nyuma kidogo, ukiwa umenyoosha usukani, utalegea. Land Rover nyingi za One Ten za kuanzia 1983, na Ninety zilizofuata 1984, huvuta kwa magurudumu yote wakati wote na zina difu ya katikati. Hizo zinaruhusiwa lami, ila kufuli ya katikati iachwe wazi.

Kwa kuwa nimeitaja Land Rover, neno moja kwa wanaotaka kununua. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ilikuwa ya alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Kwa hiyo watu husema Land Rover haiozi. Bodi ndiyo haishiki kutu, fremu chini yake ni chuma na inaoza vizuri sana, hasa kama gari limeishi Pwani. Nenda na nyundo ndogo. Gonga fremu kuanzia mbele hadi ile mhimili ya nyuma kabisa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Muuzaji akikukataza kugonga, ameshakujibu.

Na handibreki yake ni ya aina ya peke yake. Haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma pale inapotoka kwenye transfa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu lizunguke, na la upande wa pili linaweza kuzunguka kinyume. Maana yake gari linaweza kuondoka kwenye jeki huku handibreki imevutwa mpaka mwisho. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, kila mara, hata kwenye sakafu ya gereji.

Spea. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu tutaendelea kuiita Grogan, ina karibu kila kitu, pamoja na vya kughushi. Nenda na kile cha zamani mkononi na namba ya chesi mfukoni. Beringi izungushe sikioni. Sili iangalie mdomo wake, kama mpira ni mgumu imekaa dukani miaka. Kwa ekseli na gia boksi napendelea mtumba halisi kuliko kipya kisicho na jina, ingawa najua mafundi wengine humu watanipinga. Tutagombana wakati wa chai.

Upepo wa tairi nitaugusa tu. Kama barabarani unatumia pauni 35, kwenye mchanga shuka hadi 20 hivi, tairi lilale na kushika eneo pana. Ukirudi lami, jaza, kwa hiyo pampu yako iwe inafanya kazi. Na usiegeshe ndani ya laga, yaani mto mkavu, kwa sababu mchanga wake ni mtamu kulalia. Mvua ikinyesha mlimani, nyinyi mmelala chini ya nyota, maji yatawafikia.

Kuhusu mwendo, wanaodhani porini ni mbio waangalie Rhino Charge, mashindano ya fowili porini yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Wana saa 10 kupita vituo vyote, na anayeshinda ni aliyetumia umbali mfupi zaidi, si aliyewahi. Wengi wao huwa wanatembea kwa miguu mbele ya gari kutafuta njia. Gia ndogo, mguu mbali na klachi, injini ilishikilie gari kwenye mteremko.

Mwisho ni kamba. Ukivutwa au ukivuta, funga kwenye ndoano au pingu iliyoshikwa na fremu. Usifunge kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Haukutengenezwa kuhimili mshtuko wa gari lililozama, na ukikatika unaruka na kupita kwenye kioo kama risasi. Kwenye waya wa winchi tundika koti zito au blanketi katikati, ukikatika uzito huo utauvuta chini. Watu wote wakae mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, na yule binamu anayepiga video ndiye wa kwanza kufukuzwa.