Usimdharau kipepeo uliyemzoea

NEEMA: Haya jamani karibuni tena, mi Neema niko na kaka Juma, na leo tunaongelea hivi vidudu tunavyovipiga picha halafu vinaishia kwenye simu badala ya kuwafikia watafiti.

JUMA: Yangu imejaa dada! Jana nimemvizia kipepeo karibu robo saa, nikisogea anaruka, mwisho akatua akafunga mabawa nikampiga upande wa chini, una vidoa vya duara kama macho.

NEEMA: Huo upande wa chini ni mali, maana kuna vipepeo ukiwaangalia juu tu huwatofautishi. Picha ukaipeleka wapi?

JUMA: Sijaipeleka popote. Nikaona huyu ni wa kawaida, mtaalamu gani atamtaka.

NEEMA: Hapana kaka, hapo ndo tunapokosea wengi. Ujerumani, mji wa Krefeld, kuna chama cha wapenzi wa wadudu, wengi si watafiti wa kuajiriwa, walikuwa wanatega mitego kama hema la wavu ndani ya hifadhi, mdudu akiingia anapanda juu anaangukia kwenye chupa ya spiriti, wao wanapima uzito. Wameanza 1989 wameendelea hivyo hivyo, utafiti ukatoka 2017, ndani ya miaka 27 uzito wa wadudu wanaoruka umeshuka zaidi ya asilimia 75.

JUMA: Robo tatu? Na ni hifadhini?

NEEMA: Hifadhini kabisa! Na walikuwa hawatafuti mdudu wa ajabu, wanapima chochote kilichoingia. Wasingepima wakati wapo wengi, leo tungejuaje kwamba wamepungua? Mi hii habari inaniuma kila nikiisimulia.

JUMA: Sasa picha yangu moja inasaidia nini?

NEEMA: Ukiitupia iNaturalist, ile app ya kurekodi viumbe, ikiwa na tarehe na mahali, watu wengine wanakuja kumtambua, wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili inapanda daraja, yaani inahesabika inafaa kwa utafiti, na kama leseni uliyochagua, yaani ruhusa ya wengine kuitumia, inaruhusu inaingia GBIF, ile hazina ya data ambayo mtafiti yeyote anachukua bure. Ila picha iliyopita WhatsApp mara nyingi imeshapoteza tarehe na mahali, tumia ile ya mwanzo.

JUMA: Na mnyama adimu? Si majangili watajua alipo?

NEEMA: Walio hatarini ramani inawaficha, inaonyesha eneo kubwa tu. Mi wasiwasi wangu zaidi ni kwamba watu tunarekodi wikendi, kandokando ya barabara, tena kile kilichotupendeza, halafu ramani inaonekana kama kwingine hakuna kitu. Ndo maana napenda eBird, ile app ya kurekodi ndege, wanakuomba orodha kamili, yaani kila ndege uliyemtambua hata kunguru, na umetumia dakika ngapi, umetembea umbali gani.

JUMA: Kumbe! Nisipomwandika kunguru kwenye orodha kamili, ina maana sikumwona.

NEEMA: Eeh, na hiyo nayo ni data. Wakipata orodha nyingi za hivyo mwaka hadi mwaka, wanaona ndege anapungua wapi kabla hajaisha.

JUMA: Basi ngoja nimtafute yule kipepeo, picha ya mwanzo bado ipo. Jina lake ila silijui.

NEEMA: Andika tu "kipepeo", usibahatishe spishi. Wanaowajua watakusaidia.