Huna Pesa ya Kujitangaza Mufilisi? Anzia Hapa, Nairobi

Karibu mtazamaji. Hii video ni yako wewe ambaye madeni yamekuzidi, umeshauriwa ujitangaze mufilisi, ukauliza gharama, na ukatajiwa wakili, ada za mahakama na tangazo la gazeti. Sasa unajiuliza: mtu asiye na hela ya unga atatoa wapi hela ya kuthibitisha kwamba hana hela? Swali hilo ni la haki kabisa. Ninachokuomba ni kitu kimoja: usikope hata shilingi kumi kulipia jambo hili kabla hujanisikiliza mpaka mwisho. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 ina milango kadhaa, na mlango wa gharama kubwa huenda usiwe wako.

Hatua ya kwanza, andika madeni yako yote. Tazama hapa mezani: daftari la kawaida, ukurasa mmoja, nimeugawa safu nne. Nani anakudai, ulikopa kiasi gani, sasa anadai kiasi gani, na amepewa dhamana gani. Usitegemee kichwa. Kwenye simu piga *334#, ingia kwenye akaunti yako uombe taarifa ya M-Pesa. Itakuja kwa barua pepe, na namba ya kuifungulia utaipata kwa ujumbe mfupi. Hapo utaona kila mkopo ulioingia na kila kiasi ulichokatwa. Halafu omba ripoti yako ya CRB, yaani shirika linalotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Sheria inakupa ripoti moja ya bure kila mwaka, kwa hiyo mtu asikutoze kwa hiyo ya kwanza. Mimi huona watu wakishtuka katika hatua hii, kwa sababu kuna deni walilokwisha kulipa na bado linaonekana, au mkopo wasioukumbuka kabisa.

Kabla hujaandika jumla, angalia riba ya benki. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakwama, riba inayoongezeka haiwezi kupita deni la msingi, bila riba, lililokuwa limebaki siku mkopo ulipokwama. Kama ulibakisha elfu 50 na benki sasa inadai laki mbili, andika barua uombe mchanganuo. Deni linaweza kushuka kabla hujaenda ofisi yoyote.

Sasa safu ya nne, ile ya dhamana, na hapa nataka tukae kidogo. Mkopo uliowekea logibuku, yaani kitabu cha umiliki wa gari, au hatimiliki ya ardhi hauondoki kirahisi: aliyeshika dhamana bado anaweza kuichukua na kuiuza. Na kama ni mkopo wa sacco, chama cha akiba na mikopo, dhamana yako ni watu. Ukifutiwa deni wewe, wadhamini wako hawafutiwi; sacco itageukia akiba zao. Kwa hiyo wapigie simu kabla hujajaza fomu. Dada uliyekaa naye ofisi moja miaka yote akakutilia sahihi, asije akajua kwenye hati yake ya mshahara mwisho wa mwezi. Jambo hili halimo kwenye fomu, lakini lifanye.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii. Kuna utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Kwenye karatasi za serikali utauona umeandikwa No Asset Procedure. Ombi lake haliendi mahakamani. Linapelekwa kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi, na mlangoni kwake utasoma Official Receiver. Ofisi hiyo iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, hapa hapa Nairobi. Ingia brs.go.ke uthibitishe ofisi ilipo na fomu zinazotumika sasa, ndipo upande matatu.

Masharti yake ni haya. Jumla ya madeni yako isiwe chini ya shilingi 100,000 wala isizidi 400,000. Usiwe na mali ya kuuzwa. Usiwe na uwezo wa kulipa chochote kwenye madeni hayo. Usiwe umewahi kutumia utaratibu huu, wala kutangazwa mufilisi. Ukikubaliwa, wadai walioorodheshwa hawaruhusiwi kuendelea kukufuatilia, na baada ya miezi 12 madeni hayo yanafutwa. Matunzo ya watoto hayafutwi, na deni ulilolipata kwa ulaghai halifutwi.

Tuchukue mfano. Fundi wa nguo Kawangware ana mikopo ya programu za simu 38,000, Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, 4,500, kodi ya nyumba 36,000, sacco 90,000 na duka la jirani 6,500. Jumla ni 175,000. Cherehani yake je, si mali? Vifaa vya kazi vya kiasi, nguo zako na vyombo vya nyumbani vya lazima havihesabiwi kama mali ya kuuzwa. Hivyo fundi huyu asikimbilie kuuza cherehani ili apate ada ya wakili. Akiiuza, amepoteza kazi, na pengine wakili mwenyewe hakuhitajika.

Ila hapa pana onyo. Ombi litakataliwa ukigundulika umeficha mali, au ulikopa huku ukijua huna namna ya kulipa. Ndiyo maana nasema usiandikishe pikipiki kwa jina la shemeji wiki moja kabla ya kwenda, wala usimlipe rafiki yako peke yake ukawaacha wengine. Malipo na zawadi za namna hiyo zinaweza kubatilishwa, na wewe ukaonekana mwongo kwa jambo ambalo ungelisema wazi lingekubalika.

Kama una kipato kidogo, mlango wako ni mwingine: amri ya kulipa kwa awamu. Hii pia inaombwa kwa Mpokeaji Rasmi. Unaeleza unachopata, unachotumia kwa chakula, kodi na nauli, na kinachobaki ndicho kinachogawiwa wadai. Hapa ukweli wa bajeti ndio kila kitu. Ukiahidi elfu tano kwa mwezi ili uwafurahishe, mwezi wa tatu utashindwa.

Na kama madeni yako ni makubwa kuliko hapo, itabidi kwenda Mahakama Kuu, na kwa sisi wa Nairobi ni Kitengo cha Biashara na Ushuru, Milimani. Hapa ndipo pesa inapohitajika kweli. Unaweza kupunguza hivi.

Kwanza, kuna safari isiyo na faida ambayo sitaki uifanye. Wengi wanatumwa kwenye Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria wakitarajia wakili wa serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeziondoa kesi za kufilisika na za kudaiana kwenye msaada huo. Inauma, maana anayefilisika ndiye asiye na wakili, lakini ndivyo ilivyo. Badala yake nenda Kituo cha Sheria, Ole Odume Road, ukaombe ushauri, au subiri wiki ya uhamasishaji ya Chama cha Mawakili, ambapo mawakili hukaa mahakamani na kusikiliza watu bila malipo. Nenda na lile daftari. Wakili mwenye dakika ishirini hawezi kukusaidia ukianza kusimulia kuanzia ndoa.

Pili, unaweza kujiwakilisha mwenyewe na kumlipa wakili kazi moja tu: kukagua ombi, hati ya kiapo na taarifa ya hali yako ya kifedha kabla hujawasilisha. Mwambie wazi kwamba hiyo ndiyo kazi unayotaka, mpatane bei, na uiandike. Wengi pia hukubali kulipwa kwa awamu ukiomba kwa heshima.

Tatu, ada za mahakama. Ibara ya 48 ya Katiba inasema ada yoyote iwe ya kiasi na isimzuie mtu kupata haki. Agizo la 33 la Kanuni za Mashtaka ya Madai linamruhusu mlalamikaji maskini kufungua kesi bila kulipa ada. Agizo hilo limeandikwa kwa ajili ya mashtaka ya kawaida, kwa hiyo mwandikie Naibu Msajili, ambatisha hati ya kiapo ya kipato chako na taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, uombe usamehewe au upunguziwe, na utaje Ibara ya 48. Omba pia makadirio ya ada yote kwa maandishi, pamoja na tangazo la gazeti, ili usikwame katikati.

Nne, ndugu. Mchango wa familia ni mzuri, lakini uwe zawadi. Mwombe anayekusaidia alipe ada hiyo moja kwa moja kwa namba ya malipo ya mahakama badala ya kukutumia wewe. Na kama una zamu kwenye chama cha kuchangiana pesa, ongea na wenzako wakubadilishie upokee mapema, mradi zamu hiyo uitaje kwenye taarifa yako.

Ukishawasilisha, iwe BRS au Milimani, usiondoke dirishani bila nakala yenye muhuri na tarehe. Ipige picha, itume kwa mtu unayemwamini, na nakala yenyewe iweke nyumbani kwenye bahasha. Kuanzia siku hiyo usichukue mkopo kokote bila kumwambia anayekukopesha kwamba umeomba. Dalali au mdai akipiga simu, mjibu kwa utulivu, mpe namba ya ombi lako, kisha mwelekeze kwenye ofisi uliyowasilisha.